Trela ya Kumchukua Mama

Tulimzika Yaya Silasi hapa Louisville majira haya ya baridi. Wanaume waliobeba jeneza walinung'unika kwamba ardhi imeganda na viatu vinateleza, na mimi nilisimama nyuma yao na macho makavu, nikiwa na hasira na kila mtu bila kujua kwa nini. Sikulia makaburini. Nililia siku chache baadaye, kwenye maegesho ya duka, mke wa Yaya aliponiomba niiondoe pale pikapu ya zamani ya marehemu kwa sababu yeye hakuwahi kuiendesha hata mara moja. Niliwasha injini, ikatetemeka kama kawaida yake, na kabla sijatia gia ikaanza kulia: ting, ting, ting. Kwenye skrini yakatokea maneno yaleyale, kwamba trela imeachana na gari. Hakukuwa na trela yoyote. Trela yenyewe iliuzwa zamani. Nilikaa pale nimeshika usukani wa marehemu, nikalia mpaka mlinzi wa duka akaja kugonga kioo kuniuliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia ni baridi tu. Akaitikia kwa kichwa na kuondoka, maana kwa baridi ile kila mtu alikuwa na gari lenye matatizo.

Yaya ndivyo tunavyomwita kwetu, Kivu ya Kusini, ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, awe wa kike au wa kiume, na mimi sikuwahi kumwita kwa jina hata tulipogombana. Tuligombana sana. Ninaelekea miaka arobaini sasa, nina mvi ambazo binti yangu hunishauri kwa Kiingereza nizipake rangi, lakini nikiisikia ile kengele narudi moja kwa moja kwenye mwaka ule nilipokuwa msichana wa ishirini na kitu huko Columbus, sina mume, sina mtoto, na nina mama. Mama aliishi Buffalo, upande wa mashariki wa mji, kwa dada yetu Dina. Yaya alikuwa hapa Louisville. Ndege zilitutua kila mmoja mahali pake na kila mmoja akaota mizizi alipotua. Mimi nilipanga chumba karibu na chuo kikuu, katika nyumba kuukuu ya mbao iliyojaa wanafunzi, ingawa sikuwa mwanafunzi. Kila asubuhi wao walikwenda darasani na mabegi yao, mimi nilikwenda ghalani upande wa Reynoldsburg kupanga maboksi. Chumba changu kilikuwa na dirisha lisilofunga vizuri, nililiziba kwa kitenge, na upepo ukivuma kile kitenge kilitoa tumbo kama mjamzito.

Yaya alinunua pikapu na trela mwaka ule, majira ya maua. Watu wetu walikuwa wanahamahama kama siafu. Wa Buffalo wanakimbia theluji kwenda Louisville, wa Louisville wamesikia kuna kiwanda kinaajiri Columbus, wa Columbus wameambiwa Buffalo nyumba bado zinashikika. Yaya akawa mhamishaji wao wa Jumamosi. Alinipitia kila mara, kwa sababu pikapu ile ilikuwa ya kisasa na kila jambo ilikuwa inaliandika kwenye skrini kwa Kiingereza, na mimi nilisoma haraka kuliko yeye. Ndiyo maana mwaka ule naukumbuka kwa vyumba vilivyokuwa vinahamwa. Niliona alama nyeupe ukutani mahali palipokuwa na picha, zulia lililokanyagika njia moja tu kutoka kochini hadi jikoni, sufuria ya mwisho ambayo haifungashwi mpaka watu wale. Tulikula tumesimama, bugali na sombe, kisamvu chetu, iliyotoka kwenye friza, sahani zetu juu ya maboksi, na wenye nyumba wakisemana kwa sauti ya chini kuhusu jirani wanayemwacha. Nilipenda maisha yale. Sikumwambia Yaya kwamba nayapenda, ningeonekana sina kazi ya kufanya.

Kiangazi kizima gari lilinyamaza. Baridi ya kwanza ilitukuta tukimtoa Buffalo mzee mmoja wa kanisa letu, Papa Yeremia, ambaye alikaa kiti cha nyuma na televisheni yake magotini kwa sababu hakuiamini trela. Hatujafika mbali, kengele ikalia. Nikasoma: trela imeachana na gari. Nikatazama kioo cha pembeni, trela hii hapa, inatufuata kwa utulivu, na miguu ya meza ya Papa Yeremia inaelekea mbinguni. Yaya akasimama ukingoni mwa barabara kuu. Akashuka. Akazunguka trela, akavuta minyororo, akachomoa plagi ya nyaya, akaipulizia pumzi yake, akaifuta kwa shati, akairudisha. Kengele ikanyamaza. Baada ya muda mfupi ikalia tena, sasa ni upepo wa matairi. Kisha kengele ya breki za trela. Kisha ile ya kihisio cha pembeni, kwamba hakioni, kwa sababu tope la theluji lilikuwa limekifunika. Kila ilipolia, Yaya alisimama na kushuka, na kila aliposhuka aliingiza baridi yote ya ziwa ndani ya gari.

“Silasi,” Papa Yeremia alisema, “iyi gari yako inasema kuliko bibi yangu.”

“Papa, mi siwezi pita kama imesema.”

“Mais inasema uongo!” Papa Yeremia akapinga.

“Leo inasema uongo. Kesho je?”

Kuanzia siku ile watu wa kanisa walimwita Papa Kengele. Ukimtaka akuhamishe, walisema, beba chakula cha siku mbili. Yaya alicheka nao, lakini hakubadilika. Hakuwa mwoga, na hilo nataka lieleweke. Alikuwa mtu aliyewahi kuokolewa na onyo. Sitayasimulia hayo hapa, yana sura yake. Itoshe kusema alizoea kuniambia, “Niko hai juu nilisikiliza,” yaani kwa sababu alisikiliza, na mtu akishasema hivyo huwezi kumjibu kwa habari za nyaya.

Tulimpelekea gari Salvatori, Mrundi aliyekuwa na gereji ndogo Reynoldsburg, mwenye Kiswahili kizuri cha kambi za Tanzania. Aliifungua plagi, akatuonyesha kutu ya kijani ndani yake. “Ndugu yangu, hii ni baridi tu,” akasema. “Chumvi wanayomwaga barabarani imeingia humu, maji nayo yanaganda. Gari linapoteza mawasiliano na trela, basi linadhani trela imekatika. Lenyewe halina macho. Paka mafuta, funga vizuri, kisha ujifunze kulizoea.” Yaya akamsikiliza kwa heshima yote, akanunua mafuta ya kupaka kwenye plagi, akauliza, “Na siku itasema kweli, mi nitajua aje?” Salvatori akajifuta mikono kwa muda mrefu. Akasema hapo ndipo penye kazi. Nilikasirika, maana nilitaka amwambie Yaya kwa uwazi aache kushuka. Mwende, Mkenya aliyekuwa jirani yangu wa chumba, anafanya utafiti wa udongo chuoni, alipotuona tukirudi na mapua mekundu alicheka: “Aki nyinyi, hiyo gari yenu ni drama tupu.” Akatupa chai. Yaya aliinywa ameinama, viganja vimepasuka kwa baridi, na nilimwona kwa mara ya kwanza kama mzee.

Mambo ya Mama yalianza majira yaleyale, majani ya mwisho yakipukutika. Tulilala kwa Dina, ghorofani, katika nyumba ambayo kipasha joto kilikuwa kinagonga kama mtu aliyefungiwa ndani ya bomba. Dina alikuwa ameshabandika nailoni kwenye madirisha yote, kwa hiyo mtaa ulionekana kama kupitia maji. Mama alikaa jikoni, karibu na jiko, blanketi mabegani, kikombe cha maziwa ya moto mkononi. Alikohoa kikohozi kile cha kina ambacho tulikuwa tumeshakizoea, na kukizoea kwenyewe sasa kunaniuma. Nilikuwa sebuleni nikimsikia akizungumza na Dina. Dina alikuwa anamwambia basi ni rahisi, atapanda na kisanduku chake, Silasi atampokea Louisville, huko hakuna baridi ya ziwa. Mama akamwambia: “Mi nishakimbia ya kutosha. Kila mara sanduku moja, sanduku moja. Safari iyi sikimbie. Safari iyi ninahama. Mtu mwenye anahama anaenda na kitanda yake.” Bomba likagonga. Kisha nikasikia Dina anacheka na kuvuta kamasi kwa pamoja.

Kitanda chenyewe hakikuwa kitu. Kilikuwa cha mbao nzito, kilichotolewa na watu wa kanisa fulani walipompokea, kimechongwa maua kichwani, na Mama alikipaka mafuta kila Jumamosi. Kulikuwa pia na kabati, viti viwili, na beseni kubwa ambalo hakulitumia. Yaya alimwahidi pale pale jikoni, amepiga goti moja mbele yake, kwamba atakuja na trela kumchukua yeye na vitu vyake vyote, asiache hata kijiko, kabla baridi haijakaza. Mama akamshika kichwa. Alimwambia jambo ambalo kwetu milimani kila mtu analijua. Kule hapakuwa na barabara ya gari. Mgonjwa alibebwa na wanaume kwa machela, mabegani, wakipokezana vilima hadi zahanati. Watu wakifika mlangoni na machela, mgonjwa anajua bado anahesabiwa miongoni mwa wazima. Wakija mikono mitupu, wamevaa nguo nzuri na wanaongea polepole, anajua wamekuja kumuaga. “Ukuye na kipoyi, mutoto wangu,” Mama akasema, akiitaja machela kwa neno letu. “Usikuye mikono bule.”

Baridi ikakaza mapema. Jumamosi ya kwanza iliyopangwa, Yaya aliondoka Louisville, kengele zikamsumbua hata kabla ya kuvuka kuingia Ohio, akarudi. Ya pili ilikuwa theluji. Ya tatu alifika kwangu Columbus, tukashinda kwa Salvatori tukikausha plagi kwa mashine ya kukaushia nywele niliyoazima kwa Mwende, na kila tulipotoka nje kupima, gari likasema trela imeachana nalo. “Siwezi weka Mama ndani ya kitu inanionya,” Yaya alisema, akarudi zake. Nilielewa. Mtu anayebeba magodoro ya Papa Yeremia anaweza kuhatarisha, lakini huyu alikuwa Mama, na kitanda chake. Mama alipiga simu kuuliza, Yaya akamwambia wiki ijayo, na wiki ijayo akamwambia hivyohivyo. Mama hakulalamika. Aliuliza tu kama kitanda kitaenea, na Yaya akasema kitaenea.

Kisha Dina akapiga simu asubuhi moja nikiwa kazini, nikatoka nje kuipokea, hata koti sikuvaa. Alisema daktari amewarudisha nyumbani. Alisema kuna muuguzi atakuwa anakuja. Alizungukazunguka kama tunavyofanya, habari za watoto, habari za theluji, mpaka nikamwambia, “Dina, sema.” Akasema, “Mukuye. Mukuye leo ao kesho.” Nilirudi ndani nikapanga maboksi mpaka zamu ikaisha. Sijui kwa nini. Nadhani nilihofia kwamba nikisimama litakuwa kweli.

Yaya alifika kesho yake asubuhi na trela nyuma. Nilikuwa nimeshazungumza na Salvatori, akakubali tuiache kwenye uwanja wake. Bila trela hakuna plagi, bila plagi hakuna kengele, au walau zitabaki zile ndogondogo. Barabara ilikuwa kavu hadi Cleveland. Tungefika mchana. Tulisimama mbele ya gereji, injini inaunguruma, nikamweleza yote haya kwa utaratibu, na nikaona hanisikii.

“Siache,” akasema.

“Yaya, atakufa tukiwa njiani!”

“Akiniona nimefika bila trela, atajua nimekuja kumuzika. Nilimwambia nitamuchukua. Donc ninamuchukua.”

“Hawezi kutoka kitandani. Dina amesema.”

“Juu ya hiyo nakuja na trela. Kitanda nayo inatoka.”

Salvatori alitazama chini. Mimi nilisema maneno makali, kwamba kiburi chake ndicho kitakachotuchelewesha, kwamba Mama anataka uso wake, si trela. Yaya aliinama nyuma ya gari. Alipaka plagi mafuta upya, akaifunga kwa nailoni na uzi, akapanda. Na mimi nikapanda, ningefanya nini? Mpaka leo naweza kubishana naye juu ya asubuhi ile. Nimebishana naye nikiosha vyombo, nimebishana naye akiwa ndani ya jeneza. Siku nyingine namshinda, siku nyingine ananishinda, na hakuna anayenyamaza.

Dina alituunganisha kwa watsapu, simu yake akaiweka kwenye mto wa Mama, yangu nikaiegemeza juu ya dashibodi, karibu kabisa na skrini. Kwa hiyo tulisafiri naye. Tulisikia bomba likigonga, tulisikia mtoto wa Dina akiuliza kitu kwa Kiingereza na kuambiwa anyamaze, tulisikia pumzi za Mama, ambazo zilikuwa zinakwenda juu na kukaa huko. Mara moja moja aliongea.

“Muko wapi?”

“Tuko Ohio bado, Mama,” Yaya akajibu.

“Trela iko?”

“Iko, Mama.”

“Kitanda itaenea?”

“Itaenea. Na viti.”

“Bon.”

Baada ya Cleveland tukaingia kwenye baridi ya ziwa, na kengele zikaanza. Ting, ting, ting. Trela imeachana na gari. Yaya akawasha taa za tahadhari, akasogea pembeni, akashuka. Malori yalipita na kutikisa gari zima. Nilimwona kwenye kioo amepiga magoti kwenye theluji, anapulizia plagi kama anayewasha kuni mbichi. Akarudi, nyusi zimeganda. Tukaenda, ikalia tena. Breki, matairi, kihisio, kisha trela yenyewe tena. Nilipiga ngumi mlango. Nilimwambia, kwa sauti ya chini ili Mama asisikie, kwamba trela iko, naiona, usishuke. Akashuka. Mpaka Erie nilikuwa nimeacha kusema, nimegeuza uso dirishani, na chuki niliyokuwa nayo kwa kitu kile cha plastiki chenye taa ya manjano sijapata kuwa nayo kwa mwanadamu. Theluji ilikuwa inakuja kwa ulalo. Mama hakuuliza tena tuko wapi. Kisha Dina akasema anazima simu kidogo aichaji, Mama amesinzia.

Mara ya mwisho tulisimama karibu sana. Minara ya mji ilikuwa inaonekana, rangi ya majivu, nyuma ya theluji. Kengele ikalia, nikasema, “Yaya, tafadhali, tumefika,” naye akasema, “Dakika moja,” na akashuka. Plagi ilikuwa imegandana na soketi, haikutaka kutoka. Aliishikilia kwa mikono mitupu mpaka barafu ikayeyuka. Nilikaa na saa ya gari mbele yangu nikakataa kuitazama.

Tulipoingia mtaa wa Dina taa za barabarani zilikuwa zinawashwa. Yaya aliegesha vizuri, trela sambamba na ukingo, chini ya dirisha la Mama, kama aliyekuja kweli kuhamisha watu. Dina alikuwa amesimama mlangoni juu ya ngazi, bila viatu, kwenye theluji, na tukajua. Hakupiga kelele. Alisema, “Ameenda sasa ivi. Sasa ivi tu.” Nilipanda ngazi nikampita. Chumba kilikuwa na harufu ya mafuta ya mbao. Nilimshika Mama mikono, ilikuwa na joto bado, joto kabisa, kama mtu aliyetoka jikoni, na nikageuka nikamtazama Yaya aliyesimama mlangoni na zile nyusi zake zikidondosha maji, na moyoni mwangu nilikuwa na neno ambalo lingetuua sote wawili. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Dina ndiye aliyesema kabla yangu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kunyoosha shuka huku anaongea na ile shuka. “Alikuwa anasikia ile kengele yenu kwa simu,” akasema. “Kila mara inalia, anafungua macho. Ananiambia, ‘Dina, unasikia? Bako nakuya na trela.’ Akaniambia nitoe nguo ndani ya kabati juu isikuwe muzito. Nikatoa. Akasema hata beseni isisahauliwe.” Nilitazama. Nguo za Mama zilikuwa zimekunjwa ndani ya mifuko mieusi, imefungwa midomo, imepangwa kando ya mlango. Beseni lilikuwa juu. Yaya aliketi chini sakafuni na buti zake na koti lake, akaweka kichwa kwenye godoro pembeni ya miguu ya Mama, akalia kwa sauti ambayo sikujua anayo.

Sitasema kwamba maneno ya Dina yaliniponya. Watu hupenda nikifika hapo, kanisani wananiambia umeona, Mungu ni mwema, kengele ya uongo ilimfariji mama yenu. Labda. Mimi nilitaka aushike mkono wangu, si kengele. Nilitaka aniulize kama nimekula. Lakini lile neno nililomeza jioni ile nalishukuru kulimeza, na sijawahi kulitoa hata tulipogombana juu ya mambo mengine, na Yaya ameenda bila kulisikia.

Mama alikuwa amesema azikwe Louisville, ambako watu wetu ni wengi. Mwenye nyumba ya mazishi alikuwa mzungu mpole mwenye tai nyeusi, ofisi yake ina zulia nene na peremende kwenye bakuli, na Yaya aliniomba nimtafsirie ombi moja. Alitaka kumbeba Mama mwenyewe, kwenye trela, juu ya kitanda chake. Nilitafsiri nikiona aibu na huku nikitamani akubali. Yule mtu hakucheka. Alieleza polepole kwamba sheria hairuhusu, kwamba watampeleka wao kwa gari lao, lenye joto la kadiri, na sisi tunaweza kufuata nyuma. Yaya akasikiliza, akauliza kama dereva anakimbia sana. Akaambiwa hapana. “Basi tutamufuata,” akasema. “Uniambie asitupoteze.”

Tulipakia asubuhi, mimi, Yaya na mume wa Dina. Kitanda kilienea, na kabati, na viti viwili, na ile mifuko mieusi, na beseni. Majirani, wazee wawili Wamarekani weusi wa nyumba ya chini, walitoka na makoti juu ya nguo za kulalia wakashika upande wa kabati bila kuombwa. Tulifunga kila kitu kwa kamba, Yaya akajaribu kila fundo. Kisha gari refu la kijivu la watu wa mazishi likapita polepole mbele yetu, likakata kona, nasi tukaingia nyuma yake.

Mji ulikuwa haujaisha vizuri kengele ilipolia. Ting, ting, ting. Mkono wa Yaya ulikwenda wenyewe kwenye swichi ya taa za tahadhari, nikaona vidole vyake vikiigusa. Mbele yetu gari la kijivu lilikuwa linashika kasi ya barabara kuu, na theluji iliyopeperuka ilikuwa inalifuta kidogo kidogo upande wa nyuma. Nikasoma kwenye skrini kama kazi yangu ilivyokuwa mwaka mzima, nikamwambia, “Yaya, inasema trela imeachana na gari.”

“Nimesikia.”

Aliurudisha mkono kwenye usukani. Kengele ikaendelea. Tulipita mkabala na mahali pale alipopiga magoti siku ile, alama za matairi yetu zilikuwa zimeshafunikwa, naye hakutazama huko. Nilitazama mimi kwenye kioo. Trela ilikuwepo, na maua ya kichwa cha kitanda yalikuwa yanajaa theluji. Sikuwahi kumwona akiiacha ilie hata mara moja, na niliogopa, mimi niliyekuwa namsihi siku zote aiache. Nikamuuliza kama ana uhakika hataki kusimama, kidogo tu, aangalie.

“Nikisimama,” Yaya akasema, macho yake hayaliachi lile gari la mbele, “Mama atafika Louisville peke yake.”